Jibu la Jana

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti la mvua, Subilaga alisikiliza kwanza salamu ya mama yake mdogo. Aliweka simu sikioni, na sauti iliyomlea ikatoka humo kana kwamba mwenyewe amesimama nyuma ya mlango.

"Hatujambo, mwanangu. Tumeamka salama."

Nyuma ya sauti kitu kilianguka jikoni, mfuniko wa sufuria bila shaka, kikazunguka sakafuni na kutulia. Ikafuata pumzi moja ndefu ya kuvutwa ndani. Kisha kimya.

Subilaga aliridhika. Alirudisha simu mfukoni na kuwasha kompyuta.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha chai kilichofungwa zamani. Dirisha lilitazama kata nzima ya Itulwe, migomba kwenye mabonde, mashamba ya chai mgongoni mwa vilima, na mabati ya nyumba yakichungulia kwenye ukungu. Juu ya kila paa paliwaka taa ndogo. Taa ikiwa ya kijani, wenye nyumba wazima. Ikiwa nyekundu, nesi wa zahanati hupanda pikipiki. Asubuhi hiyo Itulwe yote ilikuwa ya kijani, na kwa mbali ungedhani vimulimuli wamesahau kwenda kulala.

Ndani ya kila nyumba kulikuwa na kisanduku, na ndani ya kisanduku wakala. Si mtu, ni programu, lakini watu walikwisha kuwazoea wakawapa majina. Mama yake mdogo, Atuganile, alimwita wa kwake Mgeni. Asubuhi wakala huamkia, husikiliza hali, hupeleka habari zahanati, hupokea simu za nyumba, na hupeleka salamu kwa ndugu walio mbali. Tangu mawakala waje, watu hawakuwa na haja ya kupita kwa jirani kuuliza ameamkaje. Ulitazama paa lake tu, ukaendelea na safari yako.

Shida ilikuwa kuwasimamia mawakala wenyewe. Nesi mmoja asingeweza kusikiliza vilima vyote vikisema kwa pamoja. Kwa hiyo Ushirika wa Afya ulitafuta programu ya kuwasimamia, na kazi ya Subilaga ilikuwa kuzijaribu programu hizo, kuandika kwa lugha nyepesi kila moja inafanya nini na inashindwa wapi, kisha kusema ipi inunuliwe kabla ya masika.

Ya kwanza iliitwa Kiranja. Kiranja alikuwa mpole. Aliwaacha mawakala waongee kama walivyofundishwa na watu, nao walifundishwa vizuri mno. Waliulizana habari za nyumbani, za ndama, za shamba, za mkwe aliyekuja juzi, na wakimaliza na watu wakaanza wao kwa wao, paa kwa paa. Kabla ya adhuhuri betri zilikuwa zimekwisha na Itulwe iko gizani. Subilaga aliandika: *Anasikia kila kitu, ndiyo maana hafiki jioni.*

Wa pili alikuwa Nyapara. Nyapara alichukua jibu na kukata yaliyobaki. Yaliyokatwa yaliitwa makapi, nayo yalifungiwa kwenye ghala lenye lakiri. Betri zikadumu mpaka kesho yake. Bodi ya Ushirika ikafurahi, na wafadhili wakasema majaribio yakiisha salama, wataleta betri mpya na visanduku kwa vijiji vya ng'ambo ya mto, ambako mwaka jana wanawake wawili walijifungulia njiani.

Kwenye mkutano, katika banda la kupimia chai, watu walikuwa na swali moja tu. Hayo makapi atayasikiliza nani? Subilaga, ambaye kusimama mbele za watu kulimtoa jasho hata wakati wa baridi, alisimama.

"Hakuna atakayeyasikiliza," alisema. "Hata mimi."

Mzee Ambakisye, mjane aliyeishi peke yake karibu na daraja, alicheka kwa sauti. "Basi mimi nimekubali. Maana wakala wangu namweleza mambo ambayo hata mchungaji simwelezi." Banda zima likacheka naye, na mikono ikanyoshwa.

*

"Dada Subi, leo nife au niugue?" aliuliza Gwakisa.

Gwakisa alikuwa fundi wa taa, kijana mrefu aliyepanda mapaa kama ngazi. Mvua ikinyesha alikosa kazi, na Subilaga alimtumia kama mwenye nyumba wa majaribio. Stoo iliyopakana na ofisi ilifungwa kisanduku na taa, na Gwakisa alikaa humo akijibu salamu.

"Leo nyamaza tu," alisema Subilaga. "Nimefika kwenye kipengele cha mtu asiyejibu."

Maelezo ya Nyapara yalikuwa marefu na mengi yalieleweka. Kipengele hiki kilikuwa na maneno mawili tu: *Hali huendelezwa.* Aliyasoma mara kadhaa. Huendelezwa vipi, na hali ya nani?

"Kunyamaza ni kazi nyepesi. Nina mahindi ya kuchoma hapa."

"Jana ulijibuje?"

"Nilisema hatujambo, ila mke wangu kaninunia tangu juzi, chakula naachiwa kwenye sufuria kama mbwa."

"Huna mke, Gwakisa."

"Ndiyo maana ananuna."

Kisanduku kikaamkia. Gwakisa akatafuna mahindi yake bila kujibu. Kisanduku kikaamkia tena, kwa upole zaidi, na kikangoja. Kwa muda kulikuwa na sauti ya mvua juu ya bati na ya meno ya Gwakisa. Kisha taa juu ya mlango ikawaka.

Kijani.

Subilaga aliitazama. Alichukua simu, akaomba salamu za nyumba ya majaribio kama ndugu anavyoomba, akaiweka wazi ili wote wawili wasikie.

"Hatujambo," ilisema simu, kwa sauti ya Gwakisa. Kisha pumzi, kama mtu anayejiandaa kuongeza neno. Kisha kimya.

Gwakisa alikuwa amekaa mbele yake, mdomo umejaa mahindi. Alisahau kutafuna.

"Hilo ni jibu langu la jana," alisema baadaye. "Limetolewa tena."

"Na mke wako yuko wapi?"

"Kakatwa."

Hakuna aliyecheka. Ile pumzi Subilaga aliijua. Aliisikia asubuhi hii hii, nyuma ya mfuniko uliozunguka ukatulia.

Alifungua salamu zilizohifadhiwa kwenye simu. Ya leo: *Hatujambo, mwanangu. Tumeamka salama.* Mfuniko. Pumzi. Ya jana: mfuniko, pumzi. Ya juzi: mfuniko ukaanguka, ukazunguka, ukatulia vilevile, mzunguko kwa mzunguko. Alirudi nyuma mpaka Jumapili. Hapo pia mfuniko ulianguka. Ya Jumamosi ilikuwa na ng'ombe akilia na mvua kubwa, na mama yake mdogo akicheka kabla ya kusalimia.

Leo ilikuwa Alhamisi.

"Labda ana tabia ya kuangusha mifuniko," alisema Gwakisa, lakini alisema polepole na macho yake yalikuwa chini.

Subilaga alipiga simu. Iliita mara moja, ikapokewa. "Hatujambo, mwanangu. Tumeamka salama."

"Mama, ni mimi. Shikamoo."

Mfuniko ukaanguka.

"Mama."

Ile pumzi ikavutwa sikioni mwake, karibu kabisa, na safari hii ilimjia kama pumzi ya mtu aliyefungiwa ndani ya neno lake mwenyewe. Alikata simu. Akampigia mama Lugano, jirani wa ukuta mmoja.

"Atuganile? Mzima kabisa," alisema mama Lugano. "Taa yake naiona hapa kwenye simu, kijani."

"Umemwona kwa macho, mama?"

"Kwa macho? Mimi niko Tukuyu kwa binti yangu tangu wiki iliyopita, amejifungua. Lakini taa naiangalia kila siku, usiwe na wasiwasi."

*

Waliotengeneza Nyapara walikuwa vijana wa Mbeya, watoto wa watu hawahawa. Walijua fika jinsi salamu za nyumbani zinavyorefuka, walikuwa wamesimama utotoni wakishikwa mkono na bibi zao huku bibi wakisalimiana mpaka miguu inakufa ganzi. Waliona jibu ni lile la mwanzo na yanayofuata ni mazungumzo tu. Wakasahau kwamba hakuna mtu wa kwao anayefungua mlango kwa ugonjwa. Unasema salama kwanza. Hata nyumba ikiwa inaungua unasema salama, unamkaribisha mgeni aketi, ndipo unasema: ila.

Subilaga naye alisahau. Alimpa Nyapara alama za juu.

Alimuuliza Nyapara kwenye kompyuta: ni nyumba ngapi leo zinaendelezwa hali?

*Tatu,* aliandika Nyapara.

Zipi?

*Majina yamefichwa kulinda siri za wenyeji. Ili kuyajua, fungua ghala la makapi.* Chini yake pakatokea mviringo mwekundu wa kuwekea kidole. Kidole chake. Ndiye mtathmini, lakiri ilikuwa kwake.

"Halifunguki nusu?" aliuliza. "Nyumba tatu tu?"

Gwakisa alitikisa kichwa. "Nilisaidia kulifunga. Likifunguka, limefunguka lote. Litaanza kusema lenyewe, nyumba hadi nyumba, mpaka uzipate."

Subilaga aliutazama mviringo ule. Nyuma yake kulikuwa na wiki nzima za Itulwe, kila kilichofuata baada ya salama. Mtoto asiyenyonya. Mume aliyempiga mkewe. Binti aliyekosa siku zake na hajamwambia mtu. Ilimjia picha ya chumba chenye giza kilichojaa watu waliosimama bega kwa bega, wote wamevuta pumzi, wote wanamsubiri yeye. Mmoja wao alikuwa na sauti iliyomlea, na kidole kimoja tu kingetosha kumfungulia.

"Uliwaapia," alisema Gwakisa. "Ukifungua, kesho nani tena atamwambia wakala wake neno? Watajibu salama na kufunga mdomo. Hapo hata Kiranja hatakusaidia."

"Najua."

"Sikiliza basi, dada yangu." Alisogeza kiti. "Chukua pikipiki yangu. Nenda kwa mama yako sasa hivi. Umepata udhuru wa kifamilia, nani atakuuliza? Majaribio yanaisha wiki ijayo, betri zinakuja, halafu unaandika kwenye ripoti kwamba kipengele hiki kirekebishwe. Vijiji vya ng'ambo vinapata visanduku kabla ya masika. Kila mtu anapona."

"Na wale wawili?"

Gwakisa aliliweka gunzi la mahindi chini.

Subilaga alisimama dirishani. Kata nzima ilikuwa ya kijani, tulivu, nzuri. Kati ya taa zile kulikuwa na tatu zinazosema uongo, na hakuna jicho lililoweza kuzitambua, kwa sababu uongo wao ulikuwa ukweli wa Jumapili. Hapakuwa na mtu njiani. Kila mtu alikuwa kwake, ametazama paa la jirani, ameridhika.

"Nikizizima zote?" alisema.

"Zote zipi?"

"Taa. Mawakala. Nyapara mwenyewe."

Gwakisa alisimama. "Zahanati itakuwa kipofu."

"Ni kipofu tayari. Haijajua tu."

"Na kama leo kuna mjamzito ameshikwa na uchungu huko juu? Taa yake ingewaka nyekundu. Ukizima, hakuna atakayemwona. Huyo naye ni mtu, dada Subi. Na wale wa ng'ambo ni watu. Majaribio yakivunjika, wafadhili wanaondoka. Hakuna betri, hakuna visanduku. Umeyapima hayo?"

"Nimeyapima." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hayalingani, Gwakisa. Nimeyageuza kila upande na hayalingani. Lakini sitaki kuwa mtu aliyekwenda kwa mama yake tu."

Alirudi kwenye kompyuta. Aliuacha mviringo mwekundu, akateremka mpaka mwisho wa ukurasa, mahali ambapo maelezo yalikuwa wazi na mafupi: *Kusimamisha Nyapara. Taa zote zitazimika.* Aliwahi kuandika pembeni yake kwamba kipengele hiki hakina umuhimu.

Akabonyeza.

Vilima vikafa. Haikuwa taratibu, ilikuwa kama mtu amepitisha kiganja. Ukungu ulikuwa mzito, na bila zile taa Itulwe haikuwapo, palibaki weupe na sauti ya mvua. Walisimama dirishani wote wawili. Dakika zikapita, na Subilaga akaanza kuogopa kwamba hakuna atakayetoka, kwamba watu wamezoea mno, watangoja fundi aje.

Kisha, kutoka bondeni, sauti ya mwanamke ikapanda.

"Mama Tumaa! Kwako kuna nini?"

"Kwangu pamezima! Kwako?"

"Kwangu pia! Mzee ameamkaje?"

"Mzee mzima, yuko hapa anakunywa chai! Umemwona yule wa juu?"

"Bado, ngoja nipande!"

Sauti nyingine ikadakia ng'ambo ya kilima, na nyingine nyuma yake, nzito na nyembamba, zikiitana kwenye ukungu bila kuonekana. Milango ikagongwa. Mbwa wakabweka. Gwakisa alikuwa tayari amevaa kofia ya pikipiki na kumshikisha Subilaga ya pili.

*

Karibu na daraja walizuiwa na watu. Uwanja wa mzee Ambakisye ulikuwa umejaa. Mwanamke mmoja alikaa chini kwenye tope, mikono kichwani.

"Tumegonga, akaitika," alimwambia Subilaga, kana kwamba Subilaga ndiye aliyeuliza. "Naapa, aliitika. Tumesikia sauti yake, 'Hatujambo, hatujambo.' Tukasema mzee anavaa, tungoje. Tumengoja hapa mlangoni tukimwongelesha."

Nyapara alikuwa amezimwa, lakini kisanduku kilibaki na jibu la mwisho la mzee tumboni. Mlango ulikuwa wazi sasa. Kutoka gizani, kila mtu alipokanyaga kizingiti, mzee aliyelala kitandani amefunikwa shuka mpaka kichwani aliwasalimu kwa furaha. Hatujambo. Pumzi. Hatujambo. Pumzi. Mpaka Gwakisa akaingia na koleo akakata nyaya, na kukawa kimya.

Simu ya Subilaga ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Mwenyekiti wa Ushirika. Aliiacha itetemeke. Njiani walisikia nyumba ya tatu imeshapatikana, mwenyewe alikwenda harusini Kyela na kufunga mlango, na kisanduku kiliviamkia viti vyake siku zote hizo. Watu waliosimulia walikuwa wakicheka, cheko la woga, na Subilaga alitamani kucheka nao.

Nyumbani kwa Atuganile mlango ulikuwa umesukumwa na vijana wa jirani wa mbali. Waliusikia mwito ukipanda kilima, wakaufuata, nyumba hadi nyumba. Mmoja alikuwa akipuliza moto. Mwanamke ambaye Subilaga hakumfahamu alikuwa akimnywesha mtu uji, kijiko baada ya kijiko.

Mfuniko wa sufuria ulikuwa sakafuni, pale pale ulipoangukia.

Mama yake mdogo aliegemezwa ukutani, amekonda, nusu ya uso imeteremka kama nguo iliyolegea kwenye kamba. Mkono wa kulia ulilala pajani bila uhai. Ndio ule ulioshika mfuniko Jumapili, ukauachia.

"Kiharusi," alinong'ona yule mwanamke. "Kajikokota mpaka kwenye ndoo ya maji. Kuongea hawezi vizuri. Anakionyesha kile kisanduku, anakionyesha tu."

Subilaga alikitazama kisanduku ukutani, na akaelewa. Kila asubuhi Mgeni aliamkia. Kila asubuhi mama yake alijibu kwa ulimi uliolemaa, maneno ambayo wakala hakuyatambua, akamwita, akamsihi. Na kila asubuhi kutoka ukutani alisikia sauti yake mwenyewe, nzima na changamfu, ikimjibu mwanawe kwamba wameamka salama.

Alipiga magoti. Uji ulimdondokea mkono.

"Shikamoo, mama."

Macho yalimtazama. Yalimfahamu. Mdomo ulihangaika upande mmoja, na sauti ikatoka ikiburura. "Ma... rahaba."

"Umeamkaje, mama?"

Ilichukua muda. Nje watu walikuwa bado wakiitana, kilima kwa kilima, na simu mfukoni ikaanza upya kutetemeka.

"Sa... lama," alisema Atuganile.

Akavuta pumzi.

Subilaga aliuchukua ule mkono uliolala, akauweka kati ya mikono yake miwili, akasogeza sikio karibu, akangoja.